Kuchota Udongo na Maji ili Kutafuta PFAS

PFAS haionekani kwa macho. Ni jamii ya kemikali zilizoanza kutengenezwa viwandani miaka ya 1940; haziozi, nazo hushuka na mvua hata maji ya visima. Zilitiwa katika povu la kuzimia moto wa petroli, ndiyo maana viwanja vya ndege hutazamwa kwanza.

Tutwae mfano wa uwanja wetu wa Bujumbura, katika bonde la Ruzizi. Sisemi umechafuka, naonyesha namna ya kuuliza. Kwanza waulizwe wazima moto wa zamani: mazoezi mliyafanyia wapi? Hapo udongo utwaliwe juu, kisha chini zaidi. Maji ya ardhini kwa kawaida hutoka upande wa milima kuelekea Ziwa Tanganyika. Basi kisima kimoja kipimwe juu ya uwanja, vingine upande wa ziwani. Tukikosa kile cha juu, twaweza kuulaumu uwanja kwa uchafu wa kwingine.

Lakini mwenye kuogopwa zaidi ni mchotaji. Mwaka 2024 Marekani iliweka kikomo cha nanogramu 4 tu katika lita ya maji ya kunywa, kwa PFOA na PFOS. Koti la mvua au utepe wa Teflon wa mafundi bomba waweza kuharibu kazi yote. Mimi nilidhani chupa ya kioo ndiyo bora. Kumbe PFAS hung'ang'ania kioo, hutumiwa plastiki ya polithini. Tena chupa moja ya maji safi ya maabara ifunguliwe palepale kisimani: PFAS ikionekana humo, tumeileta sisi.