Skrubu ya bawaba imegoma

*Fundi, nakaa Tanga karibu na bahari. Skrubu za bawaba za mlango wa jikoni zimeshika kutu, na moja nimeizungusha mpaka nyota yake imelika. Nifanyeje nisiharibu fremu? – Mama Z.*

Mama Z., fremu itabaki salama. Upepo wa chumvi huleta kutu, kutu huvimba na kuibana skrubu; nyota hulika bisibisi ikiwa ndogo au isipokandamizwa vya kutosha.

Kwangua rangi na kutu kwa ncha ya msumari, dondoshea mafuta ya kulegeza kutu, uache hadi kesho. Egemeza mlango kwa kabari. Tafuta bisibisi inayojaa kwenye nyota, igonge kwa nyundo mara chache, kisha kandamiza kwa uzito wa mwili: kaza kidogo kwanza, ndipo ulegeze. Hapo kutu hukatika.

Ile iliyolika, ichongee mfereji kwa msumeno wa chuma, utumie bisibisi bapa. Ule ujanja wa kuweka kipande cha mpira wa tyubu kati ya bisibisi na nyota, kwa skrubu yenye kutu, ni kupoteza muda tu. Ikigoma kabisa, fundi mwenye drili atakitoboa kichwa. Ukirudishia, nunua za chuma kisichoshika kutu.