Mfundishe Rafiki Yako, Usimfanyie



Somo letu leo ni Hekima ya Sulemani 7:7-14. Fungua Biblia yako kwanza, ndipo tuendelee. Tazama hasa mstari wa 13: mwenye hekima anasema alijifunza bila hila, na alichokipata anawagawia wengine bila wivu, hafichi kitu.

Sasa tuseme ukweli. Mstari huo ni rahisi kuusoma, kuuishi ni kazi. Jioni mmekaa barazani pale Ngamiani, madaftari magotini. Wewe logarithimu zimekuingia, mwenzako bado anahangaika. Anakuuliza, na moyoni kuna kasauti: "Nikimwelekeza huyu, si atanipita?" Basi unajibu, "Hata mimi sijaelewa vizuri." Hakuna aliyekuona. Lakini umeficha, na wewe mwenyewe unajua.

Kuna kosa la pili, na hili linavaa nguo ya wema. Rafiki anaandika WhatsApp: "Nipigie picha majibu, nitumie." Unatuma yote. Anashukuru, unajiona msamaria mwema. Je, umemsaidia kweli?

Mtakatifu Yohane Bosco alilipitia hilo. Alizaliwa Italia mwaka 1815, baba yake akafa yeye akiwa hajatimiza miaka miwili. Alipokwenda kusoma mji wa Chieri ilimbidi afanye kazi ili apate pa kulala na chakula. Darasani alikuwa mwepesi, wenzake wakamfuata wawasaidie kazi za shule. Yeye akawa anawafanyia! Mwalimu alipojua akamkataza, maana alikuwa anawalea katika uvivu. Yohane hakununa, wala hakuacha kusaidia. Alibadili njia: akaanza kuwaeleza pale walipokwama, wao wenyewe wafanye. Ameyasimulia haya mwenyewe katika kumbukumbu zake.

Vijana haohao ndio aliokusanyika nao mwaka 1832 wakaunda Chama cha Furaha. Masharti hayakuwa mengi: kila mmoja aepuke maneno na matendo yasiyomfaa Mkristo, na atimize wajibu wake wa masomo na wa dini. Baada ya hapo, ni kufurahi! Walicheza, wakaimba, wakatembea pamoja, na sikukuu wakaenda katekisimu kwa mapadre Wajesuiti.

Ndiyo, walicheza. Wapo vijana wanaodhani mtu wa sala hapaswi kuwa na hobi. Bosco alipenda sarakasi tangu utotoni. Kijijini kwao aliwaonyesha watu michezo yake, na kabla ya michezo wakasali Rozari, naye akawarudia mahubiri aliyoyasikia kanisani. Huko Chieri alishindana na mwanasarakasi mmoja aliyekuwa akiwavuta vijana wakati wa ibada. Shindano la mwisho lilikuwa kupanda mti. Mwanasarakasi akapanda hadi karibu na ncha. Yohane akafika palepale, akashika shina, akainua miguu juu, ikapita ncha ya mti! Akashinda fedha nyingi. Kisha akamrudishia mwenyewe, kwa sharti moja tu: awape wanachama wa Chama cha Furaha chakula cha mchana. Hobi yake haikumfanya ajivune, wala haikumwacha mwenzake mikono mitupu.

Turudi kwetu Tanga. Huenda wewe hobi yako ni kuogelea Raskazone, na una rafiki kutoka Lushoto anayeogopa maji ya bahari. Utamfundishaje? Utampeleka maji yakiwa mafupi na shwari, pawepo na mtu mzima anayeijua bahari, umshike mgongo ajifunze kuelea. Lakini huwezi kuogelea kwa niaba yake. Kuna dakika lazima uondoe mkono. Akielea peke yake kwa mara ya kwanza, nani anapiga kelele zaidi, yeye au wewe? Hiyo furaha Mungu ameiweka humo makusudi.

Na masomo ni hivyo hivyo. Kwenye chumba cha mtihani kila mtu anakaa peke yake. Majibu uliyomtumia hayaingii naye, ulichomwelewesha kinaingia. Halafu utashangaa: ukishamweleza mwingine, wewe ndiye unaelewa zaidi. Hujapungukiwa kitu.

Kanisa kuu la jimbo letu, Chumbageni, liko chini ya Mtakatifu Antoni wa Padua. Tunamkimbilia vitu vikipotea, ila tukumbuke pia kwamba alikuwa mwalimu wa ndugu zake. Mtakatifu Fransisko alimruhusu awafundishe teolojia, mradi masomo yasizime moyo wa sala. Na Katekisimu, namba 2447, inataja kufundisha kati ya matendo ya huruma ya kiroho. Kwa hiyo barazani pale, na daftari lako, unatenda huruma. Rafiki huyo akiwa Mwislamu, jirani yako, huruma ni ileile.

Jiulize

1. Kuna kitu ninachokijua ambacho nimemficha mwenzangu kwa kuogopa atanipita?
2. Ninamsaidia rafiki aelewe, au amalize tu?
3. Hobi yangu inanikutanisha na watu, au inanifungia?

Wiki hii

Mtafute rafiki mmoja, mpe saa moja. Mweleze jambo moja tu, kisha umwachie kalamu. Mkimaliza, nendeni mkacheze.

Tusali

Ee Yesu Mwalimu mwema, uliwaeleza wanafunzi wako kwa uvumilivu hata walipochelewa kuelewa. Utuondolee wivu. Utupe furaha ya kuona mwenzetu anaweza. Mtakatifu Yohane Bosco, utuombee. Mtakatifu Antoni wa Padua, utuombee. Amina.