Kozi Huanza Kabla ya Kozi

Soma Waamuzi 7. Gideoni alianza na watu 32,000, akabaki na 300. Hao aliwaambia wamtazame yeye, wafanye vile anafanya.

Wiki hii kijana wetu mwanajeshi aliniomba nimwombee, anaenda kozi ya uongozi. Nilimwombea, kisha nikamuuliza: "Umeanza kukimbia na mzigo mgongoni? Ramani unaisoma? Miguu imezoea buti?" Maombi hayatakukimbilia.

Sandhurst, chuo cha maafisa wa jeshi kule Uingereza, kaulimbiu yao ni kutumikia ili kuongoza. Kwa hivyo hata siku si zamu yako kuongoza, unapimwa: mwenzako amechoka, utamsaidia mzigo?

Mpendwa, anzia hapa kanisani. Jumapili viti vinapangwa saa moja asubuhi.