Helikopta ya rimoti: ifungue kabla ya kuiunga

SWALI: Fundi, nimeagiza seti ya helikopta ya rimoti, saizi 450, ya bei rahisi. Imekuja imeungwa nusu. Nimalizie palipobaki nikairushe ufukweni?
Kijana wa Mkomani

JIBU: La, mwanangu, ifungue yote kwanza. Seti za bei hiyo huungwa kiwandani mbiombio, na skrubu za chuma kwa chuma mara nyingi hazikutiwa gundi ya kuzizuia zisilegee. Mapanga ya 450, kila moja lina kama milimita 325, huzunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika. Skrubu moja ikichomoka, panga huruka kama kisu. Tia tone la gundi ya buluu. Nyekundu iache, utakuja kushindwa kufungua. Kwenye plastiki usiitie kabisa, huipasua.

Fremu rahisi haina neno. Mimi nisingebana pesa kwenye beringi na sevo ya mkia: mkia ukiyumba, hata rubani hodari hafui dafu. Unaporekebisha sevo, chomoa nyaya za mota. Betri ya seli tatu usiichaji ukaenda kulala.

Ufukweni, hapana. Chumvi hula beringi, mchanga husaga gia, na kusi ikivuma hutaimudu. Tafuta kiwanja kitupu alfajiri. Ila uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, hauko mbali, na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, ina kanuni za 2020 za vyombo visivyo na rubani. Waulize kabla hujarusha.