Gia ya Kushukia Kitonga

Dereva aliyebeba shaba ya Zambia akifika juu ya Kitonga, mkoani Iringa, ni rahisi kujiona amemaliza kazi. Tangu Tunduma injini imekuwa ikivuta. Sasa barabara inateremka kuelekea Ruaha Mbuyuni na gari linakwenda lenyewe. Hapo ndipo injini inapohitajika kuliko popote.

Tupige hesabu ya gari la tani 50 kwenye mlima wa asilimia 6, yaani kila mita 100 barabara inapanda mita 6. Likiwa na hosipawa 480, litapanda kwa kilomita 30 hivi kwa saa. Lenye hosipawa 280 nalo litaupandisha mzigo huohuo, ila halitafika 20. Hosipawa inakupa mwendo. Kinachong'oa mzigo ni gia. Kwa hiyo ukipanda, punguza gia mapema, mshale wa mizunguko ukiwa bado kwenye kijani. Ukingoja mpaka injini ianze kukoroma, utakwama katikati ya kona.

Sasa geuza gari. Likishuka mlima kama huo kwa kilomita 60 kwa saa, uzito wake unalisukuma kwa nguvu inayozidi hosipawa 550. Ukiziachia breki za mguu peke yake, nguvu yote hiyo inageuka joto ndani ya dramu. Utasikia harufu kali ya kuungua, utingo ataona moshi mwembamba kwenye magurudumu ya tela, kisha unakanyaga pedali, upepo umejaa, na gari halishiki. Shuka kwa 30, na mzigo huo wa breki unapungua kwa nusu.

Kwa hiyo gia ichaguliwe juu, kabla ya mteremko: ileile ambayo ungepandia mlima huo, au moja chini yake. Ukiitoa gari likiwa limeshika kasi, huenda isiingie tena. Washa breki ya ekzosti, acha mizunguko ipande. Kwenye magari mengi ya Ulaya sehemu hiyo ya juu kwenye saa ya mizunguko imepakwa bluu, na huko ndiko ekzosti inakoshika vizuri. Usiufikishe mshale kwenye nyekundu. Mwendo ukizidi, kanyaga breki sawasawa mpaka upungue kilomita kama 10, kisha achia kabisa dramu zipoe. Kuweka mguu juu ya breki mlima mzima ndiko kunakozichoma.

Wapo wanaoshuka kwa nyutro eti wanabana dizeli. Injini za kisasa, gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, hukata dizeli yenyewe. Ukiweka nyutro ndipo inapoendelea kunywa, na breki ya injini umeipoteza.

Nawe mwenye gari, breki ya ekzosti ikifa usimwambie dereva itatengenezwa akirudi. Itengenezwe kabla gari halijapakia.