Mboga bila udongo: chunga maji kabla ya kununua mbolea

Mkazi wa Mombasa asiye na shamba bado anaweza kuvuna mchicha, nanaa na rehani barazani kwake. Kilimo bila udongo, ambacho wengi hukiita haidroponiki, huupa mmea maji yaliyotiwa virutubisho. Si lazima uwe na pampu wala umeme. Somo hili linaeleza njia ya ndoo moja, iliyoenezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Kwa hapa kwetu, mambo mawili ndiyo yatakayoamua kama utavuna au utapoteza pesa zako: maji yenye munyu na maji yaliyoachwa wazi.

Maji gani yatumike?

Visima vingi vya Mombasa vina munyu kwa sababu ya ukaribu wa bahari. Ukitumia maji hayo, miche inaweza kustawi wiki mbili za kwanza ukadhani mambo ni shwari. Lakini mmea hunywa maji na kuacha sehemu kubwa ya chumvi ndani ya ndoo. Kadiri maji yanavyopungua ndivyo munyu unavyozidi, hadi mizizi inashindwa kuvuta maji ingawa imezama ndani yake. Kingo za majani huungua na kukauka. Kuongeza mbolea wakati huo huzidisha tatizo, kwa kuwa mbolea nayo ni chumvi.

Tumia maji ya mvua, au ya mfereji yasiyo na munyu. Kabla ya masika na vuli, weka pipa safi lenye kifuniko chini ya mabati. Acha mvua ya kwanza ioshe paa, kisha ndipo ukinge.

Hatua kwa hatua

1. Chagua ndoo ya lita 20 yenye kifuniko, iliyowahi kubeba chakula. Usitumie iliyobeba rangi, dawa ya wadudu au kemikali. Ikiwa inapitisha mwanga, ifunge kwa kitambaa kizito, maana mwanga huotesha utando wa kijani ndani ya maji.

2. Otesha mbegu kwenye vipande vya sponji iliyolowa au kwenye makumbi ya nazi. Makumbi yaliyofukiwa ufuoni hubeba chumvi ya bahari, hivyo yasuuze mara kadhaa. Miche ikitoa majani matatu au manne, ihamishe.

3. Toboa mashimo matatu kwenye kifuniko, kila moja likitosha kushika kikombe kidogo cha plastiki kilichotobolewa chini na pembeni.

4. Nunua virutubisho maalumu vya kilimo bila udongo kwenye duka la pembejeo. Mbolea ya shambani kama DAP haina virutubisho vyote vinavyohitajika. Mara nyingi utapewa pakiti mbili, A na B. Fuata vipimo vilivyoandikwa, na utie moja kwenye maji mengi na kukoroga kabla ya kutia ya pili. Zikichanganywa zikiwa nzito, baadhi ya virutubisho hugandana na kutuama chini, na mmea hauvipati. Kipimo cha pH kiwe kati ya 5.5 na 6.5.

5. Jaza ndoo hadi maji yaguse sehemu ya chini ya vikombe. Yakipungua, usijaze tena hadi juu. Mizizi ya juu sasa inavuta hewa, na ukiifunika kwa maji mmea hunyauka. Ukilazimika kuongeza, usipite nusu ya ndoo.

Mimea inayofaa

Mchicha, nanaa na rehani hustahimili joto la pwani. Letusi na dania hutoa maua mapema zikipata joto kali, kwa hiyo zipe jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Maji yakipata moto hubeba hewa kidogo, na mizizi huoza. Letusi huwa tayari wiki 4 hadi 6 baada ya kuhamishwa. Sukuma wiki hunywa maji mengi na huchumwa kwa miezi kadhaa. Weka mche mmoja tu kwa ndoo.

Ndoo isiwe kiota cha mbu

Mombasa imepata milipuko ya homa ya dengue, au kidingapopo, ukiwemo wa mwaka 2013 na wa 2017. Mbu anayeieneza huuma mchana na hutaga mayai katika vyombo vya maji vya majumbani. Katika joto letu, yai huweza kuwa mbu kwa siku 7 hadi 10. Kifuniko kibane vizuri, na nafasi kati ya kikombe na tundu lake izibwe kwa sponji. Pipa la maji ya mvua lifunikwe kwa wavu. Kagua kila wiki; ukiona viluwiluwi, mwagia maji hayo mti au maua, sugua kuta za ndoo ili kuondoa mayai, kisha uanze upya.

Baada ya kila mavuno, osha ndoo na vikombe kwa sabuni. Osha pia mboga kwa maji safi kabla ya kupika au kula.

Anza na ndoo moja. Ikikupa mavuno mazuri, ongeza ya pili. Kwa ushauri zaidi, muone afisa wa kilimo wa wadi yako.