Baa ya Piza Imechuja, Si Ndoa Yenu

Karibu kila mume na mke wana mahali walipopapenda siku za uchumba. Kwa wengine ni kwa mwuza nyama choma, kwa wengine ni ufuoni. Kwa wengi waliochumbiana Malindi ni baa ya piza. Waitaliano walifika huko kwa mradi wa San Marco, ambao mwaka 1967 ulirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini karibu na Ngomeni. Baadaye wengi walihamia mjini, wakafungua mikahawa na kujenga matanuri ya kuni.

Sasa fikiria mume na mke wanaorudi kwenye baa kama hiyo siku ya kukumbuka arusi yao, baada ya miaka kumi na miwili. Tanuri limejaa masanduku ya soda, na piza inaokwa kwa umeme. Televisheni tatu zinaonyesha mpira. Mkate ni mgumu, jibini inavutika kama mpira wa manati. Wanakula kimya, wanalipa, wanapanda tuktuk. Njiani mke anawaza: "Alitazama mpira saa nzima, amenichoka." Mume naye anawaza: "Amenidharau kwa kumleta mahali hafifu." Hakuna anayetaja piza.

Hapo ndipo nataka tutulie kidogo. Tanuri la kuni hupita digrii 400, na piza huiva kwa dakika moja au mbili, ukingo ukifura na katikati kukibaki laini. Oveni ndogo ya umeme hufika kama digrii 250. Unga hukaa humo muda mrefu, ukakauka kabla juu hakujaiva vizuri. Hata mngekuwa wachumba wa jana, piza hiyo ingekuwa ngumu vilevile! Baa nayo ilikuwa na shida zake: mwaka 2020, wakati wa korona, mikahawa iliamriwa kuuza chakula cha kubeba tu, na watalii hawakuja. Mwenye baa akipunguza kuni na wapishi, hajatoa hukumu juu ya mapenzi ya wateja wake.

Kwa hiyo semeni palepale mezani. "Baba watoto, hii piza imekuwa ubao." Akicheka, nusu ya mzigo imeshatuliwa. Kuhusu mpira, mwambie waziwazi kwamba ungependa mhame meza, kabla hujaanza kuhesabu mara alizogeuza shingo.

Lakini kuna lingine, nami naliona gumu zaidi. Huenda mmoja wenu bado anapapenda. Yeye haoni televisheni, anaona kiti alichokalia siku alipojibiwa "ndiyo". Usimcheke, wala usijifanye kufurahi, maana atakurudisha huko kila mwaka! Muulize alipendea nini hasa. Mara nyingi utasikia kwamba hata wakati ule piza haikuwa jambo kubwa. Alipenda kwamba mlikaa mpaka viti vikaanza kupangwa juu ya meza, na hakuna aliyekimbilia nyumbani kwa sababu ya mtoto au zamu ya asubuhi. Kama ni muda alioukosa, utafuteni muda huo.

Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, aliwashauri wanandoa wawe na desturi ndogo za kila siku, kama busu la asubuhi na kumngoja mwenzako mlangoni. Safari za pamoja pia alizitaja, ila mtaona kwamba mengi hayana bei.

Na mkiitamani piza bado, kandeni unga wenye hamira, uache uumuke, uutandaze kwenye sufuria nzito iliyopakwa mafuta, juu nyanya, kitunguu na jibini kidogo. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Mmoja akande, mwingine achochee jiko. Watoto wakishalala, mtakula mkiwa wawili.